UZI: Vitu vya bure mtandaoni kwa wanaosoma isimu na walimu wa lugha, msikubali kuuziwa

MwlFonimu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu mwaka jana, utakuwa mrefu, mwenye bando la kuungaunga ahifadhi kwanza asome baadaye.

Kilichonifanya niandike leo ni kijana wa jirani yangu, yuko mwaka wa kwanza chuo anasoma isimu. Kaja nyumbani na flashi ameuziwa elfu 20 na mtu wa kwenye grupu la WhatsApp, kaambiwa ndani kuna "vitabu vyote vya isimu". Nimeichomeka kwenye kompyuta, faili la kwanza kabisa ni Essentials of Linguistics. Wakuu, kile kitabu ni bure! Catherine Anderson wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada alikitoa 2018 kwa leseni huria makusudi kabisa ili mwanafunzi asilipe, na 2022 likatoka toleo la pili akiwa na wenzake sita. Na ukikisoma kwenye mtandao wao kuna video na maswali ya kujipima humohumo, vitu ambavyo kwenye ile pdf ya elfu 20 havimo. Yaani dogo kalipia kitu pungufu, na ile hela ilikuwa ya kula.

Imeniuma kwa sababu nami nimepita hukohuko. Nimemaliza chuo 2013, fonetiki tumeisoma kwa madesa, nakala ya nakala ya nakala, ile chati ya IPA (herufi za kimataifa za kuandika matamshi) imefifia mpaka huwezi kujua hii ni e au ni ɛ, unakisia tu unakaririshwa unaingia kwenye mtihani. Spektogramu, yaani picha ya sauti, mara ya kwanza nimeiona imechorwa kwa chaki ubaoni. Simlaumu mwalimu wangu hata kidogo, alichora alichoweza, lakini wakati huohuo kulikuwa na programu ya bure ambayo ingetuonyesha sauti zetu wenyewe na hakuna aliyetuambia.

Programu yenyewe ni Praat. Naanza nayo kwa sababu ndo ningetaka niambiwe mapema kuliko vyote. Imetengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, ni bure kabisa, ndogo, inakaa hata kwenye laptop ya zamani, na ndo hiyohiyo wanayotumia watafiti wakubwa wa fonetiki duniani, sio kwamba kuna ya matajiri na ya kwetu.

Sasa fanya hivi. Chukua neno *barabara*. Sote tunajua yako mawili, kuna barabara ya kupita magari, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida ya Kiswahili, na kuna lile la "amefanya kazi barabara", mkazo unarudi nyuma silabi moja, ba-RA-ba-ra. Darasani tunasema hivyo tunapita. Wewe jirekodi ukisema "barabara imejaa maji" halafu "ameshika barabara", faili liwe la wav, fungua Praat, nenda Open, Read from file, faili likitokea kwenye orodha bonyeza View & Edit. Juu utaona wimbi la sauti, chini yake picha ya kijivu ndo spektogramu yenyewe, na juu yake mstari wa bluu unaopanda na kushuka, huo ndo kidatu, yaani jinsi sauti inavyopanda juu na kushuka chini. Vuta karibu neno moja halafu la pili, angalia ule mstari unapanda kwenye silabi ipi. Mara ya kwanza nimeona hii nilikuwa na miaka minne kazini, nimekaa sebuleni usiku, nilimwita mke wangu aje aone. Kitu nimekifundisha miaka minne kwa mdomo, sasa nakiona kwa macho.

Siku hizi nikifundisha mkazo kidato cha tatu nafanya hivi: kompyuta moja, spika ndogo, wanafunzi wawili wanakuja mbele wanarekodi, darasa zima linaangalia. Hakuna anayesinzia.

Tahadhari moja, msitumie voice note za WhatsApp kufanyia uchambuzi, zile zinabanwa sana na kuna vitu kwenye sauti vinapotea. Tafuta apu yoyote ya kurekodi inayohifadhi wav.

Ukishaizoea Praat, kuna ELAN ya Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, hiyo ni ya kuandika manukuu chini ya sauti au video, mwenye utafiti wa mazungumzo, ngano, mahojiano, hiyo ndo yake, nayo bure. Na anayetaka kutengeneza kamusi ya lugha ya kwao kuna FLEx ya SIL, ni nzito kidogo kujifunza lakini inakuwekea maneno, mofimu (vipande vidogo vya neno vyenye maana) na matini mahali pamoja. Fonti za IPA zisikusumbue, shusha Charis au Doulos za SIL, ule ugonjwa wa viboksi kwenye tasnifu unaisha.

Naenda kwenye kitu cha pili ninachokipenda, AntConc.

Hii imetengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani. Kazi yake ni kutafuta maneno kwenye mkusanyo wa matini na kukuonyesha kila mahali neno lilipotokea, limepangwa katikati, kushoto na kulia yake kuna maneno yaliyolizunguka. Unaweza ukadhani ni kitu kidogo. Subiri.

Mwaka juzi nilichukua insha 40 za wanafunzi wangu wa kidato cha pili nikazichapa moja moja kama zilivyo na makosa yake yote, nilitumia likizo nzima ya Juni, nikazihifadhi kama faili za txt. Nikaziingiza AntConc. Nikatafuta *kwenye*. Nikatafuta *katika*. Nikatafuta maneno yanayoishia na *-ni* kwa kuweka nyota mbele, *\*ni*. Nilichokiona ni kwamba watoto wangu hawana tatizo la kutojua *-ni* ya mahali kama nilivyokuwa nawasema, wanaitumia vizuri kabisa kwa *nyumbani, shuleni, sokoni, shambani*, wanapokwama ni pale inapokuja sifa nyuma yake. Wanaandika "shuleni yetu" badala ya "shuleni kwetu", "nyumbani yao" badala ya "nyumbani kwao". Yani kosa halikuwa kwenye mofimu, lilikuwa kwenye upatanisho wa ngeli ya mahali! Miaka yote nasahihisha kwa wino mwekundu kila insha peke yake na sikuwahi kuiona hiyo, kwa sababu insha moja ina kosa moja, lakini ukiziweka 40 zikajipanga mstari mmoja chini ya mwingine linakurukia lenyewe. Nikabadilisha somo, nikafundisha *kwetu, petu, mwetu* wiki mbili.

Mwenye haja ya Kiswahili kingi kuliko insha za darasani, mkusanyo wa Helsinki upo, Helsinki Corpus of Swahili, toleo la pili lina maneno kama milioni 25, unatafuta humohumo mtandaoni kwenye mfumo wao unaoitwa Korp, masharti ya leseni soma kwanza. Na kuna Leipzig Corpora Collection, hawa unachagua Kiswahili, unachagua idadi ya sentensi unazotaka, unashusha faili unalipeleka AntConc. Mimi naanzia hapo nikitaka kujua watu wanaandikaje kweli na sio kitabu kinasemaje.

Vitabu na makala. Language Science Press ya Berlin, tangu 2014 wanachapisha vitabu vya isimu, vimepitiwa na wataalamu, pdf yote bure, na wana mfululizo mzima wa sarufi na kamusi za lugha za Afrika. Mwenye hamu ya Kibantu cha kale, 2022 walitoa On reconstructing Proto-Bantu Grammar, kitabu kinene, kigumu, ila ni hazina. MIT wameweka kozi yao ya utangulizi wa isimu, namba 24.900, unashusha notsi na mazoezi yote kwa pamoja unasoma bila bando. Virtual Linguistics Campus ya Marburg, Ujerumani, wana video YouTube karibu kila mada ya mwaka wa kwanza. Makala za Kiswahili chenyewe, jarida la Swahili Forum liko wazi, na majarida ya TATAKI, ile Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar, mnayajua. JSTOR ukifungua akaunti ya bure unasoma makala mpaka 100 kwa siku 30, watu wengi wanadhani lazima chuo kiwe kimelipia. Tasnifu za Kiswahili ziko kwenye hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, zimejaa, ukikosa mada ya utafiti pitia pale uone wenzako wameishia wapi.

Nitaendelea, ngoja nijibu maswali kwanza.

mwanafunzi_IST

Asante sana mwalimu, nimehifadhi. Mimi sina laptop, nina simu tu. Praat inafanya kazi kwenye simu?

MwlFonimu

Mdogo wangu, Praat ni ya kompyuta. Ila usikae bure. Kwenye simu rekodi wav zako uziweke na majina ya kueleweka, siku ukipata kompyuta ya chuo saa moja unamaliza kazi ya wiki. Vitabu nilivyotaja vyote vinasomeka kwenye simu. Chati ya IPA yenye sauti inafunguka kwenye simu, unagusa herufi unasikia, kaa nayo dakika kumi kila siku. Na kuna hifadhi ya maabara ya fonetiki ya UCLA, rekodi za Peter Ladefoged na wenzake za lugha zaidi ya 200, unasikiliza watu wenyewe wakitamka, hiyo ni bure na huhitaji programu yoyote.

MwalimuWaKisii

Mwalimu mwenzangu, kazi nzuri. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Kenya, haya ya kina Praat ni ya vyuoni. Sisi wa darasa la pili na la tatu tunakumbukwa kweli?

MwlFonimu

Mwalimu unakumbukwa, na nisamehe nilichelewa kufika huko. Ingia African Storybook, ni mradi wa Saide wa Afrika Kusini, hadithi za picha za watoto kwa lugha nyingi sana za Afrika, Kiswahili kimo na lugha kadhaa za Kenya zimo. Kinachonifurahisha ni kwamba leseni inakuruhusu kuchukua hadithi, kuibadilisha, kuitafsiri, kuichapa na kugawa darasani bila kumuomba mtu. Mke wangu anafundisha la kwanza, alichukua hadithi moja akarahisisha sentensi, akachapa steshenari karatasi nane akazikunja kijitabu, watoto wanagombania mpaka kimechanika.

Halafu TESSA, ule wa Open University ya Uingereza, una moduli za walimu wa Afrika na zipo kwa Kiswahili, za kufundisha kusoma na kuandika ndo bora zaidi kwa maoni yangu kwa sababu mifano yake ni ya darasa lenye watoto 70 na sio 20. Kwa Tanzania kuna Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, vitabu vya kiada unavisoma bure, na nyie huko mnayo Kenya Education Cloud ya KICD.

Walimu wa Kiingereza, BBC Learning English, hawa wanafundisha tangu 1943, na TeachingEnglish ya British Council ina mipango ya masomo iliyokamilika. Sina la kuongeza hapo, ingieni tu.

MwalimuWaKisii

Nimeingia African Storybook saa hii. Ekegusii kipo! Asante sana.

dada_wa_Muscat

Habari zenu. Nipo Oman, nafundisha Kiswahili watoto wa ndugu zetu huku, wengi bibi zao walitoka Unguja lakini wao hawasemi, wanaelewa maneno mawili matatu. Kuna chochote cha mtu anayeanza kabisa?

MwlFonimu

Dada, chukua kozi ya FSI, ile serikali ya Marekani ilitengeneza miaka ya 1960 kwa ajili ya wanadiplomasia wao. Kwa kuwa ni kazi ya serikali yao haina hakimiliki, kitabu na sauti zote zipo bure. Ni ya zamani, mazungumzo mengine yamepitwa, lakini mazoezi yake ya kurudiarudia upatanisho wa ngeli sijaona kitu kinachoyafikia, unasikia *kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka* mpaka sikio lenyewe linakataa kosa. Usiwape watoto hivyohivyo, watachoka. Chukua zoezi, weka maneno yao ya nyumbani, na kama bibi bado wapo warekodini, sauti ya bibi inamfundisha mtoto kuliko sauti ya mgeni.

Mdau_Nyanda

Mkuu nina hoja. Hivi vyote ulivyotaja karibu vyote ni vya Kiingereza na mifano ni ya Kiingereza. Mwanafunzi anasoma mofolojia kwa mifano ya *cat, cats*. Kwa nini tusiandike vya kwetu kwanza?

MwlFonimu

Hoja ya kweli mkuu, na ndo inayonisumbua mimi zaidi ya zote. Tuandike, mimi naunga mkono. Lakini mtoto anayefanya mtihani mwezi wa saba hawezi kusubiri. Ninachofanya mimi, na nimemwambia yule dogo wa flashi afanye, ni kila sura unayosoma usiifunge mpaka umeandika pembeni mifano mitatu ya lugha ya kwenu. Ukisoma mofimu, acha *cats*, chukua *wanalimiana* uikate, *wa-na-lim-i-an-a*, mtenda, wakati, mzizi, kutendea, kutendana, kiishio. Neno moja la kwetu lina kazi ya ukurasa mzima wa mifano ya *cat*.

Na vifaa vya kulinganisha vipo. Glottolog ya Leipzig, andika jina la lugha ya kwenu, inakuonyesha iko tawi gani na nani ameiandika tangu enzi za wamisionari, orodha ya marejeo yote. Ethnologue, ile orodha nyingine ya lugha za dunia, siku hizi nyingi zake unalipia, Glottolog haina mlango. WALS, ile atlasi ya miundo ya lugha, ilikuwa kitabu 2005 na sasa yote iko mtandaoni. Fungua ramani ya idadi ya jinsi za nomino, Kiswahili utakikuta kundi la mwisho la tano au zaidi, halafu angalia lugha ngapi duniani ziko huko. Mtoto wa Kibantu akiona ile ramani anaelewa kwamba ngeli zake si mzigo wa kukariri, ni kitu wanaisimu wanavuka bahari kuja kukisoma.

Kwa namba za Guthrie, zile za kupanga lugha za Kibantu, Kiswahili G42 na kadhalika, tafuta orodha ya Maho ya 2009, pdf ya bure, mnaacha kubishana darasani. Na BLR3 ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, mizizi ya Kibantu iliyoundwa upya, unatafuta kwa maana unaona neno limetoka wapi.

BintiMvita

Assalam alaykum. Naomba nichangie hapo kwenye Praat. Mimi ni mtu wa Mombasa, Kiswahili ndo lugha ya mama. Nyumbani kwetu *paa* la nyumba na *paa* mnyama wa porini si neno moja, ukimwambia nyanya yangu yanatamkwa sawa atakutazama vibaya. La mnyama lina pumzi. Shuleni niliambiwa hakuna tofauti, nikaandika hakuna tofauti nikapewa tiki. Hiyo Praat itaionyesha?

MwlFonimu

Wa alaykum salaam dada yangu. Itaionyesha, na nyanya yako yuko sahihi. Huo ni mpumuo. Paa mnyama yuko ngeli ya 9/10, zamani kulikuwa na nazali, yaani sauti ya puani kama *m*, mbele ya *p*, nazali ikaondoka ikaacha pumzi. Paa la nyumba liko 5/6, halikuwa na nazali, ndo maana kavu. Sisi wa bara wengi tumeipoteza hiyo, nyie wa pwani mnayo.

Fanya hivi. Mrekodi nyanya mwenyewe kama yupo tayari, umwambie mnafanya nini na umuombe ruhusa kwanza. Usimwambie "sema paa", maana mtu akiambiwa atamke neno peke yake anabadilika. Mpe sentensi, "jana tuliona paa msituni" na "jana walipaua paa likavuja", kila moja mara tano, changanya changanya. Kwenye Praat vuta karibu pale *p* inapofunguka. Utaona mstari mwembamba mweusi wa wima, hapo midomo inaachia. Kwenye paa la nyumba, mawimbi ya irabu yataanza karibu palepale. Kwenye paa wa porini kutakuwa na nafasi katikati, ina vumbi la kijivu bila mpangilio, hiyo ndo pumzi yenyewe. Buruta kipanya kutoka ule mstari mweusi mpaka irabu inapoanza, muda utasomeka juu. Uandike, zote kumi, utafute wastani.

BintiMvita

Nimerudi, imechukua siku tatu maana laptop ni ya binamu yangu. Nyanya amekubali, tena amefurahi, alitaka kujirudia zaidi ya mara tano. Iko. Kwenye *paa* mnyama lile vumbi liko mara zote tano, na kwenye la nyumba irabu inaanza palepale, nimepima mara mbili mbili, la mnyama refu mara kadhaa na hakuna hata moja lililogongana na la nyumba. Nilimwonyesha kwenye skrini nikamwambia nyanya hii hapa pumzi yako. Akasema, si nilikwambia. Halafu akaniuliza kama mashine inajua pia *kaa* wa pwani na *kaa* la moto.

MwlFonimu

Mwambie inajua. Kaa wa pwani ndo mwenye pumzi. Sentensi mpya, mara tano tano kama mwanzo, na safari hii mrekodi na mama yako na mdogo wako pia, tuone kama vijana wa Mvita bado wanayo. Uzi huu sifungi, nasubiri namba zako.